Mzigo Umeenda kwa Masanja Mwingine

Mwaka jana, mwezi wa tatu, nilituma kartoni kwa basi la Mwanza. Ndani kulikuwa na mifuko 30 ya mkojo, ile ya kubandika tumboni, kwa ajili ya mjomba wangu aliyeondolewa kibofu. Juu ya kartoni nikaandika kwa makapeni: MASANJA, MISUNGWI, na namba ya simu chini yake. Kesho yake usiku mjomba akanipigia kwa simu ya jirani.

"Mpwa wangu, mzigo umefika," akasema. "Ila amechukua Masanja mwingine."

Hapa Tabata ukiita Masanja barabarani watageuka wawili. Misungwi ukiita, inageuka stendi nzima. Aliyepewa kartoni hakuwa mwizi. Alikuwa Masanja halali, naye alikuwa anasubiri mzigo wake kutoka Dar, spea za pampu ya maji. Simu ya mjomba ilikuwa imekata chaji. Kijana wa mizigo akasoma jina, akamtazama mtu, vikalingana, akakabidhi.

Wiki hiyohiyo binamu yangu wa Kahama alikuwa ametuma video kwenye kundi la ukoo. Michoro ya kupendeza: mshipa mwekundu, vidude vya bluu vinaogelea, vinazipita seli nzuri bila kuzigusa, vinaikuta seli mbaya yenye sura ya kinyago, vinaingia, seli inapasuka kama puto. Sauti inasema sindano moja ya jeni sasa inaisaka saratani popote ilipojificha. Chini yake mikono ya dua, na shangazi ameandika "Amina, Mungu awatie nguvu madaktari." Halafu wakanigeukia mimi. Nina famasi, na kwenye ukoo wetu mfamasia ndiye daktari, ndiye maabara, ndiye Wizara ya Afya. Wakataka kujua inafika lini na itauzwa shilingi ngapi.

Mjomba si mtu wa kuandika. Alituma sauti ya sekunde tisa: "Sasa mpwa, hicho kidude kinaijuaje nyumba?"

Nilisoma famasia miaka minne na sijawahi kuulizwa swali zuri kuliko hilo. Nikamjibu siku ile kwa kifupi, vibaya, nikiwa na wateja mbele yangu. Hapa najaribu tena.

Nianze na mzigo wenyewe, maana huo ndio sehemu rahisi. Seli ya saratani ni seli yetu wenyewe iliyoharibikiwa maagizo. Ndani ya maagizo hayo kuna jeni inayotengeneza protini iitwayo p53, iliyogunduliwa mwaka 1979, na kazi yake ni ya mkaguzi: DNA ikikatika, inasimamisha seli isigawanyike mpaka pakarabatiwe, na ukarabati ukishindikana inaiamuru seli ijiue. Karibu nusu ya saratani za binadamu zina jeni hiyo iliyoharibika. Kwenye saratani ya mlango wa kizazi mambo ni tofauti kidogo. Huko mara nyingi jeni ni nzima, lakini kirusi cha HPV kinatengeneza protini yake, E6, inayoikamata p53 na kuipeleka ikasagwe. Mkaguzi anaajiriwa kila asubuhi na kila jioni anatupwa mtoni.

Ukishayajua hayo, tiba unaiona kwa macho. Pale jeni ilipoharibika, peleka nzima. Pale E6 inapommaliza mkaguzi, peleka kipande kifupi cha RNA, ndugu wa DNA anayebeba nakala za maagizo, kiizime E6. Na inawezekana. Seli maarufu za HeLa, zilizochukuliwa kwa Henrietta Lacks kule Baltimore mwaka 1951 na ambazo hadi leo zinaishi kwenye maabara za dunia nzima, zina HPV aina ya 18 ndani yake. Watafiti walipoizima E6 kwenye seli hizo, p53 ilirudi kazini na seli zikaanza kufa.

Lakini sahani ya maabara haina ini.

Nitalirudia ini, maana ndilo linaloharibu hesabu. Kwanza gari. Jeni peke yake ukiichoma kwenye damu inakatwakatwa ndani ya muda mfupi sana, kwa hiyo inahitaji chombo cha kuibeba, na dereva mwenye uzoefu wa mamilioni ya miaka ni kirusi. Kazi nzima ya kirusi ni kuingiza maagizo yake ndani ya seli ya mwingine. Wataalamu wanachukua kirusi, wanakitoa jeni zinazokiwezesha kuzaliana, wanaweka jeni wanayoitaka. Kinachotumika sana ni adenovirusi, jamii ya virusi vinavyotupa mafua na macho mekundu. Kama unadhani haya ni mambo ya mbali, kumbuka Julai 2021, chanjo ya kwanza ya korona ilipoingia Tanzania, ile ya Johnson & Johnson ya sindano moja. Hiyo ilikuwa adenovirusi aina ya 26, imenyang'anywa uwezo wa kuzaliana, imebebeshwa jeni ya protini ya kirusi cha korona. Wengi wetu tulishapelekewa jeni begani, tukapewa kadi, tukarudi nyumbani mkono unauma.

Sasa mtu ataniuliza, kama begani iliwezekana, kwenye saratani kuna ugumu gani? Ugumu ni huu. Chanjo haijali imeingia seli ipi. Seli chache tu za msuli zikiipokea jeni na kuitangaza, kinga ya mwili itasikia na kusambaza habari. Ni kama msiba: akiambiwa jirani mmoja, mtaa mzima umejua. Saratani inataka kinyume chake, kila seli mbaya ifikiwe, na seli nzuri zisifikiwe. Ukibakiza moja, itarudi na wanawe.

Na barabara yenyewe ndiyo hiyo ya damu. Mwaka 1999, Philadelphia, kijana wa miaka 18 kutoka Arizona aitwaye Jesse Gelsinger alijitolea kwenye jaribio la tiba ya jeni. Hakuwa na saratani. Alikuwa na upungufu wa kimeng'enya cha ini kinachosaidia kuondoa amonia mwilini, na alikuwa anaishi nao kwa vidonge na kwa kujinyima vyakula. Walimpa adenovirusi moja kwa moja kwenye mshipa unaolisha ini, chembe zipatazo trilioni 38. Kinga yake ikalipuka. Viungo vikaanza kugoma kimoja baada ya kingine, na tarehe 17 Septemba, siku ya nne, akafariki.

Watu wengi wanaisimulia habari hii kama onyo kwamba tiba ya jeni inaua. Mimi kinachonikaa kichwani ni ile trilioni 38. Ini lilikuwa ndilo shabaha, mrija uliwekwa mlangoni kwake kabisa, na bado walihitaji kumimina idadi ambayo ukihesabu moja kila sekunde ungemaliza baada ya miaka zaidi ya milioni moja. Unamimina hivyo kwa sababu unajua nyingi zitapotea. Na kila inayopotea inapiga kelele njiani.

Baadaye ilijulikana kwa nini adenovirusi ya kawaida ikiingia kwenye damu inakimbilia ini hata kama hujaituma huko. Mwaka 2008 watafiti walionyesha kwamba protini moja ya kugandisha damu, ile iitwayo faktari ya kumi, inajibandika kwenye ganda la kirusi na kukisindikiza hadi kwenye seli za ini. Mbali na hiyo, ini lina walinzi wake, seli za Kupffer, zilizojipanga kwenye mishipa yake midogo na kumeza kila kigeni kinachopita. Tunalisifu ini kwa kusafisha damu, na kweli linasafisha. Kirusi chenye dawa nacho kinahesabiwa ni uchafu.

Wajanja wakasema, basi mzigo wa ini tuupeleke kwa ini. Mwaka 2018 Marekani iliidhinisha patisirani, dawa ya kwanza ya kuzima jeni kwa RNA, imefungwa kwenye vitone vidogo vya mafuta, na ini linavivuta lenyewe. Zikafuata nyingine zinazoning'iniza sukari fulani kwenye RNA, sukari ambayo seli za ini zina mlango maalumu wa kuipokea. Ni dawa nzuri. Si za saratani. Fani nzima ikawa kama bodaboda anayeijua njia moja tu: ukienda njia hiyo ni hodari, ukimwambia Goba anaanza kuuliza watu.

Kuna matumaini mengine yaliyoishi muda mrefu. Mwaka 1986 huko Japani, Matsumura na Maeda waliandika kwamba mishipa ya damu ya uvimbe inavuja. Uvimbe unajijenga kwa haraka, mabomba yake yana matundu, kwa hiyo chembe zenye ukubwa unaofaa zitavujia humo na kubaki humo, bila kuhitaji anwani. Miaka 30 watu wametengeneza chembe za kila namna kwa kuitegemea hoja hiyo. Mwaka 2016 kundi la Warren Chan wa Toronto likakusanya matokeo ya miaka kumi ya majaribio ya namna hiyo, ambayo ni ya wanyama, wakauliza swali la karani wa stoo: ulituma ngapi, zimefika ngapi? Jibu la katikati lilikuwa asilimia 0.7. Chembe 7 katika kila 1,000.

Na kufika si kuingia. Seli inaipokea chembe kwa kuimeza ndani ya kifuko, kifuko kinaanza kujaa asidi, na kama mzigo hautoki humo upesi unayeyushwa. Kazi moja ya mwaka 2013 iliyofuatilia vitone vya mafuta vyenye RNA ilikuta kwamba asilimia 1 hadi 2 tu ya RNA ndiyo iliyotoroka kwenye vifuko hivyo. Niliwahi kumweleza hesabu hii mdogo wangu anayesambaza mizigo kwa pikipiki. Akacheka. Akasema yeye angefukuzwa siku ya kwanza.

Turudi kwa Masanja. Njia iliyoleta maneno matamu kuliko zote ni ya anwani. Seli zina protini zinazochomoza juu ya ngozi yake, na seli za saratani mara nyingi zina baadhi ya protini hizo kwa wingi usio wa kawaida. Basi unaweka kwenye kirusi, au kwenye kitone cha mafuta, au kwenye seli ya kinga, kitu kinachoikamata protini hiyo. Soma jina, vikilingana, kabidhi. HER2 ni jina mojawapo, linajulikana sana kwa wanaotibiwa saratani ya matiti. Mwaka 2010 madaktari wa taasisi ya taifa ya saratani ya Marekani waliripoti habari ya mgonjwa wa saratani ya utumbo mpana iliyokuwa imesambaa. Walichukua seli T zake, ambazo ni askari wa kinga, wakaziingizia jeni ya kuitambua HER2, wakamrudishia seli bilioni 10. Ndani ya dakika 15 alianza kushindwa kupumua, na siku tano baadaye alikufa. Maelezo waliyoyafikia ni kwamba seli za kawaida za mapafu nazo zina HER2, kidogo tu. Zile seli T zilipoingia kwenye damu, kituo cha kwanza kilikuwa mapafu, na kule zilimkuta Masanja.

Hakukuwa na jina bandia wala mwizi. Saratani imetoka kwetu, inatumia majina ya ukoo.

Sasa nisije nikaonekana mtu wa kukatisha watu tamaa, maana kuna ushindi, na ushindi wenyewe unafundisha. Mwaka 2012, Philadelphia hiyohiyo, mtoto Emily Whitehead wa miaka sita mwenye saratani ya damu iliyokuwa imerudi mara mbili alitibiwa kwa seli T zake mwenyewe zilizobebeshwa jeni ya kuitambua protini iitwayo CD19. Aliumwa vibaya sana wakati kinga ilipowaka, akaokolewa, saratani ikaondoka, na leo ni mtu mzima. Tiba hiyo, Kymriah, iliidhinishwa Agosti 2017 kwa bei ya dola 475,000 za Marekani, fedha ambazo kwa shilingi sitaki hata kuzizidisha. Jeni ilibebwa na kirusi kilichoundwa kutokana na virusi vya UKIMWI baada ya kuhasiwa. Wateja wangu wakisikia hapo huwa wanarudisha kiti nyuma.

Angalia walichokifanya. Kwanza, hawakupita barabarani. Hawakuchoma kirusi kwenye damu na kukiombea dua kifike. Walizitoa seli, wakazipeleka maabara, wakazipa jeni humo kwenye chupa, wakazirudisha. Mteja amekuja mwenyewe stendi ya Mbezi kuchukua mzigo wake. Pili, na hili ndilo wengi hawalisemi: anwani ya CD19 si ya saratani peke yake. Seli B, yaani seli za kinga zinazotengeneza kingamwili, zote zinayo, nzuri na mbaya, na zote zinauawa. Ila mtu anaweza kuishi bila seli B, kwa kuongezewa kingamwili. Hawakupata nyumba yenye jina la pekee. Walipata mtaa ambao ukibomolewa wote mji hauanguki. Ukitafuta mtaa wa namna hiyo kwenye mapafu, ini au kongosho, hupati, na ndiyo maana kwenye uvimbe mgumu habari si tamu kama kwenye damu.

Kuna njia nyingine ambayo mimi binafsi naipenda kuliko ya anwani: acha mzigo ufike kwa kila mtu, lakini ufungwe kwa kufuli ambalo ufunguo wake uko nyumbani kwa mhusika tu. Kila jeni ina kipande mbele yake kinachofanya kazi kama swichi, na swichi nyingine huwaka kwenye seli za aina fulani tu. Telomerasi ni mfano: ni kimeng'enya kinachoziwezesha seli zigawanyike bila kuchoka, kimezimwa kwenye seli nyingi za mtu mzima na kinawaka kwenye sehemu kubwa sana ya saratani. Unganisha swichi yake na jeni yako, na jeni itasomwa pale tu telomerasi inapofanya kazi. Wengine wanataka funguo mbili kwa pamoja. Mwaka 2016 maabara ya Wendell Lim kule California ilionyesha seli T ambazo hazishambulii mpaka zisome majina mawili tofauti kwa seli moja. Moja halitoshi.

Halafu kuna kichekesho cha kisayansi nisichoweza kukiruka. Miaka ya 1990 kampuni moja ya Marekani ilitengeneza adenovirusi iliyokatwa jeni iitwayo E1B, ile inayomnyamazisha mkaguzi p53. Hoja ilikuwa safi: kwenye seli nzuri mkaguzi yupo, kirusi kitashindwa kuzaliana, kwenye saratani mkaguzi hayupo, kitazaliana na kuipasua seli. Miaka ikapita, ikaonekana kirusi hicho kinazaliana hata kwenye baadhi ya seli zenye p53 nzima, na kwamba siri yake ilikuwa kwingine, kwenye namna RNA ya kirusi inavyotolewa kwenye kiini cha seli. Kiliifuata saratani kwa sababu tofauti na iliyoandikwa kwenye maombi ya fedha. Marekani mradi ukafa. China ikachukua kirusi cha mtindo huohuo na kukiidhinisha mwaka 2005 kwa saratani za kichwa na shingo. Miaka miwili nyuma, 2003, China ndiyo iliyokuwa imeidhinisha tiba ya kwanza ya jeni duniani kuingia sokoni, Gendicine ya Shenzhen, yaani ile jeni nzima ya p53 ndani ya adenovirusi.

Na dawa hizo za China zililengwaje? Kwa sindano. Daktari anauona uvimbe shingoni, anauchoma humohumo. Imlygic, kirusi cha malengelenge ya mdomoni kilichorekebishwa, kilichoidhinishwa Marekani mwaka 2015 kwa saratani ya ngozi, kinachomwa vilevile ndani ya uvimbe, na kinabeba jeni ya kuita askari wa kinga waje. Baada ya miaka yote ya kutafuta kidude kinachoijua nyumba, mshindi mara nyingi amekuwa daktari anayekwenda na mzigo mkononi, anabisha hodi.

Ndipo nilipofika kwenye kibofu, na ndipo iliponiuma.

Kibofu ni chumba chenye mlango. Huhitaji kupita kwenye damu wala kuliaga ini. Unapitisha mpira wa mkojo, unamimina dawa, unasubiri, mgonjwa anakojoa. Tangu mwaka 1976 saratani ya juujuu ya kibofu imekuwa ikitibiwa kwa kumimina BCG, chanjo ileile ya kifua kikuu iliyotuachia kovu mkononi tukiwa wachanga. Kwa wale ambao BCG imewashinda, Desemba 2022 Marekani iliidhinisha Adstiladrin, adenovirusi iliyobebeshwa jeni ya interferoni, protini ya kuamsha kinga ya mwili. Mililita 75 zinaingizwa kwa mpira, zinakaa saa moja, mara moja kila miezi mitatu. Imechanganywa na kemikali ya kuulegeza utando wa ute unaolinda ukuta wa kibofu, maana bila hiyo kirusi kinateleza. Seli za ukuta zinapokea jeni na kuanza kutengeneza interferoni zenyewe, kwa siku nyingi, papo hapo panapohitajika. Kati ya wagonjwa 98 waliohesabiwa, asilimia 51 saratani yao haikuonekana tena, na karibu nusu ya hao ilikaa mbali kwa mwaka mmoja au zaidi. Kwa watu waliokuwa wanasubiri kibofu kiondolewe, hiyo si habari ndogo.

Nilisoma hayo usiku, famasi imefungwa, nikainuka kutafuta kwenye simu yangu ripoti ya kile kinyama alichokatwa mjomba kwenye kibofu kikapimwe. Nilikuwa nimeisahau aina. Saratani ya seli bapa, zile zinazofanana na za ngozi, na imeshaingia kwenye msuli wa kibofu.

Adstiladrin ni ya saratani nyingine, ile ya utando wa kawaida wa kibofu, na ikiwa bado juujuu. Ndiyo inayowapata zaidi Wazungu na wavuta sigara. Ya mjomba ni ya kichocho. Alikulia kwenye majaruba ya mpunga, magoti ndani ya maji, na kule kwetu enzi zake mtoto wa kiume kukojoa damu ilichukuliwa kama dalili ya kukua, wenzake wakacheka na kumwambia sasa umekuwa mwanamume. Mayai ya kichocho yalijikita kwenye ukuta wa kibofu, kidonda kikawa hakiponi miaka na miaka, na utando ukabadilika kidogokidogo ukawa kama ngozi, hadi ukageuka saratani. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilimwandika mnyoo huyu kwenye orodha ya visababishi vya saratani mwaka 1994. Leo watoto wa Misungwi wanapangwa mstari shuleni, wanapimwa urefu kwa ubao wenye mistari, na kila mstari una idadi yake ya vidonge vya prazikwanteli. Vidonge vichungu, wanavitema wakipata nafasi. Mjomba alipokuwa na umri wao prazikwanteli ilikuwa haijatengenezwa.

Kwa hiyo swali la binamu, lini inafika, nililijibu kwenye kundi kwamba hata ikifika kesho si ya mjomba. Pakawa kimya. Shangazi akatuma ua.

Nilichokasirikia si sayansi. Kilichonichoma ni kwamba katika viungo vyote, kibofu ndicho kilichopata dawa ya jeni inayofika, na aina ya saratani inayowapata watu wa majarubani haikuwemo kwenye jaribio. Mlango ni uleule, mpira ni uleule. Kuilenga seli ni kazi ya maabara. Kumlenga mgonjwa ni kazi ya anayelipia maabara, na Misungwi hailipii. Ukiniuliza leo shilingi ya serikali iende wapi, nitasema kwenye ule ubao wa shuleni kabla ya adenovirusi, na nitasema hivyo nikiwa naipenda adenovirusi.

Mjomba nilimpigia siku iliyofuata, tukaongea kwa utaratibu. Nilimwambia kidude hakiijui nyumba. Kinasoma jina, na jina moja lina watu wengi. Alinisikiliza, akaguna. "Basi hao wataalamu wako," akasema, "hawajawahi kutuma mzigo."

Kartoni ilirudi baada ya wiki tatu. Masanja mwingine aliileta mwenyewe, kwenye kerea ya baiskeli, kilomita kadhaa za vumbi. Alikuwa ameifungua akitafuta spea, akakuta mifuko asiyoielewa, akaipeleka zahanati. Nesi akaitazama na kumwambia kata hii nzima mwenye tundu tumboni ni mmoja tu, akamwelekeza njia. Mifuko ilikuwa 28. Miwili, alikiri huku akikwepa macho ya mjomba, alikuwa amejaribu kubebea petroli. Walikunywa chai, wakagundua kwamba babu zao walichunga pamoja.

Mwezi wa sita nilituma kartoni nyingine. Nilimpigia mjomba kabla sijafunga, nikamuuliza safari hii niandike nini. Akanitajia neno kwa neno, nami nikaandika kwa makapeni, kijana wa mizigo akiwa amenisimamia na kusoma kwa sauti: MASANJA, MISUNGWI, ASIYE NA KIBOFU.